Gogo Lisilo na Ganda

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, saa ya ukutani na hotuba tatu. Kitenge nakivaa, saa inakwenda, hotuba nimezisahau zote, mnisamehe. Kilichonibaki kichwani ni swali. Mmoja wenu, yule binti anayekereza miguu ya vitanda, alinisogelea na sahani yake akasema, "Shikamoo bibi. Hivi kwa nini kwenye karakana yetu gogo haliingii mlangoni likiwa limemenywa ganda, hata kama ni mninga unaojulikana na kila mtu?" Nikamwambia ndivyo ilivyo, akale kwanza. Nilimjibu hivyo kwa sababu jibu lenyewe ni refu na halifai kuzungumzwa mbele ya pilau. Linahusu bakuli moja nililolikereza kwa mikono yangu hii, na mtoto mdogo aliyekuwa alishwe uji ndani yake.

Mambo ya vyeo na mishahara waulizeni ofisini, huko ndiko yanakotunzwa. Mimi nitaanza na vumbi.

Nilitoka kwetu Murusagamba nikiwa na miaka kumi na tisa, binti wa wakulima wa migomba na maharage, nikaja hapa Nyakisasa kujifunza ufundi wa mbao. Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Ninyi mmeisikia kwa wazazi wenu, sisi tuliila. Malori ya misaada yalipita asubuhi hadi jioni, na vumbi jekundu likaingia kwenye ugali, kwenye nywele, kwenye pua. Mji mzima ulikuwa unapiga chafya. Kuni ziliadimika. Watu wa kambini walitaka kupika, nasi tulitaka kupika, na vilima nilivyovikuta na miti vikabaki vipara. Mbao za maana zikawa zinatoka mbali, upande wa misitu ya Biharamulo, zikiletwa kwa baiskeli na watu wasiopenda kuulizwa maswali.

Fundi wangu alikuwa Mzee Serapioni. Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiye na maneno ya kutupa. Siku ya kwanza niliingia na viatu vipya nikasema, "Shikamoo fundi." Akasema, "Marahaba. Ufagio uko nyuma ya mlango." Nikafagia wiki tatu. Wiki ya nne akanipa jiwe la kunolea na patasi butu, nikanoa mpaka vidole vikasahau kuwa ni vyangu. Ndipo akaniruhusu kuigusa mashine.

Mashine yetu ya kukereza haikuwa hii ya umeme mnayoiwasha kwa kidole. Ilikuwa na gurudumu kubwa la mbao, kimo cha mtu mzima, lenye mkono wa chuma wa kuzungushia. Mkanda wa ngozi ulitoka kwenye gurudumu ukafika kwenye mashine, ukaizungusha mbao. Kwa hiyo kazi ilikuwa ya watu wawili. Mmoja anazungusha gurudumu kule nyuma, mwingine ameshika patasi huku mbele, na mwenye patasi anampa mgongo mwenye gurudumu. Hamwoni. Anamsikia tu anavyohema.

Fundi naye hakusimama karibu na mwanafunzi. Alikaa nje kwenye benchi lake, mgongo umeegemea ukuta, ananoa na kusikiliza. Patasi ikikata vizuri, mbao hutoa sauti ya kitambaa kipya kinachochanwa. Ikikata vibaya, inakoroma. Mbao ikiidaka patasi, unasikia "kwaa!", kipande kinaruka, na ukiwa na bahati kinapiga ukuta badala ya meno yako. Kila ilipotokea "kwaa", Fundi aliuliza swali moja kutoka huko nje: "Nani ameshika patasi?" Unajibu, "Mimi, fundi." Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya karakana, aliyeshika patasi ndiye mwenye kosa. Ukilaumu mkanda, kosa lako. Ukilaumu mbao, kosa lako. Na kumlaumu anayezungusha gurudumu ndiyo ilikuwa aibu kuliko zote, hakuna aliyewahi kuthubutu.

Aliyezungusha gurudumu wakati wangu alikuwa Spesiyoza, Mrundi wa kambini, mwanamke wa miaka ishirini na mitano hivi, mwenye mabega ya kubeba mtungi na mtoto kwa pamoja. Kambi ilikuwa ng'ambo ya vilima, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, naye alikuja kila asubuhi na mwanawe mgongoni. Mtoto aliitwa Nestori, mwenye miezi sita, akilazwa kwenye gunia pembeni ya karakana, tunakereza yeye analala. Kihangaza changu na Kirundi chake vilielewana bila mkalimani. Ujira wake ulikuwa chakula cha mchana na maranda yote ya siku. Msicheke. Miaka ile gunia la maranda lilikuwa sufuria ya maharage yaliyoiva.

Sasa mwanafunzi akishakereza mipini ya majembe mpaka anaiota, alipewa mtihani. Tuliuita gogo la mwanafunzi. Ni gogo moja, la kwake peke yake, asiliguse mtu mwingine. Analipokea, analimenya ganda, analikata vipande, anakereza mabakuli. Gogo likiisha bila kutoa hata bakuli moja la kusimama mezani, anafunga mzigo wake anarudi kwao. Hakuna gogo la pili. Fundi alisema kumenya ganda ni nusu ya mtihani, kwa sababu ganda ndilo jina la mti. "Mti uliovuliwa ganda ni kama mtu asiyetaja kwao," alisema. Mwaka ule maneno hayo yaliwachoma wengine, lakini yeye alikuwa anazungumza habari za miti tu.

Kumenya ganda ndiyo kazi niliyoichukia kuliko zote. Inakula kucha, inatoa malengelenge, na jioni unanuka utomvu. Basi Fundi akaenda Ngara mjini siku mbili kutafuta skrubu, akaniambia, "Gogo lako likija, lipokee." Kesho yake akaja mtu wa baiskeli na gogo zito, la wekundu wa kahawia, limemenywa likang'aa. Wezi wa magogo walikuwa wanamenya huko huko porini, askari wa misitu asijue ni mti gani umekatwa. Nililijua hilo. Yule mtu akatabasamu. "Mninga, dada. Tazama wekundu wake. Na kazi ya ganda nimekumalizia."

Nikalipokea. Niseme kweli, uvivu wangu ndio uliolipokea.

Fundi aliporudi alilizunguka gogo mara moja. Akauliza, "Umelimenya mwenyewe?"

"Ndiyo, fundi."

"Ganda liko wapi?"

"Nimewapa watu wa kuni."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kwenye benchi lake. Jibu lilikuwa la kuaminika mno, maana mwaka ule hata majani makavu yalikuwa na mwenyewe. Nikajipongeza kwa akili yangu. Ningekuwa na mtoto mwenye akili ya namna hiyo ningemchapa.

Gogo lilitoa vipande saba. Nikafunga cha kwanza kwenye mashine, Spesiyoza akaanza kuzungusha, nikagusa mbao kwa patasi. Unga ulioruka uliwasha pua kama pilipili. Nikapiga chafya, Spesiyoza akapiga chafya, Fundi huko nje akapiga chafya tatu mfululizo. Lori likapita barabarani, sote tukalilaani lori.

Spesiyoza peke yake ndiye aliyesimamisha gurudumu. Akainama, akaokota maranda, akayanusa.

"Huu ni mti gani, Eva?"

"Mninga."

"Nani kasema?"

"Mimi nimesema. Zungusha."

Nilikuwa na kiburi cha mtu mwenye gogo lake. Akanitazama kidogo. Akambeba mtoto na gunia lake, akamlaza nje upande wa upepo, akarudi kwenye gurudumu. Jioni ile hakubeba maranda. Aliyamwaga shimoni. Nikajisemea, kumbe hata wakimbizi wanaringa.

Bakuli la kwanza lilipasuka nikiwa katikati. "Kwaa!" Fundi akauliza swali lake, nikajibu jibu langu. Sikujali, kila mtu hupasua la kwanza. La pili likaenda vizuri mpaka likawa jembamba, nikaanza kutabasamu, "kwaa!", likawa vipande viwili. La tatu hivyo hivyo. La nne nililikereza nimeshika pumzi, mgongo wa patasi ukigusa kwanza ndipo makali, kama nilivyofundishwa, na bado likadakwa. Nikaanza kuota ile sauti. Nikinywa chai naisikia. Nikisali naisikia. La tano lilipopasuka nilipeleka macho kwenye mlango, na kwa mara ya kwanza Fundi hakuuliza chochote. Huo ukimya ulinitisha kuliko swali.

Kwetu mama alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani wote kwamba binti yake ni fundi. Mwanamke fundi wa mashine! Nilianza kuzikunja nguo zangu moja moja, nikizificha chini ya kitanda ili nisijione ninavyofungasha.

La sita lilikuwa limekwisha. Nasema limekwisha, lilibaki kupitishwa patasi mara moja ya mwisho halafu msasa. Nikaipitisha. "Kwaa!" Kipande kikanikwaruza shavu. Nikakaa chini kwenye vumbi, nikalia kwa sauti, sikuona haya. Fundi akaingia, akaangalia vipande, akaniangalia mimi.

"Limebaki moja, binti. Likipasuka, keshokutwa kuna gari la Murusagamba."

Akatoka. Spesiyoza alikuwa amesimama pale pale, mkono kwenye chuma cha gurudumu, ananitazama muda mrefu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kusema. Akasema neno moja tu, "Ihangane," ndiyo pole ya kwao.

Kesho yake nikafunga kipande cha saba. Skrubu niliikaza mara tatu. Nikawaza, potelea mbali, nikagusa mbao. Jamani! Gurudumu lilikwenda sawa, bila kusita, bila kuongeza wala kupunguza, mwendo ule ule tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Patasi ikachana kitambaa. Bakuli likajitokeza lenyewe, pana, mdomo mwembamba, na ndani mistari ya mbao imezunguka vizuri mno. Fundi alilipindua, akaligonga kwa kucha, akaliweka mezani.

"Linasimama," akasema. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake kubwa kabisa, na kwangu ilitosha kwa mwaka mzima.

Ilikuwako desturi nyingine mliyoiacha. Bakuli la kwanza halikai kwa fundi wala haliuzwi. Linaombwa. Anayetangulia kuliomba kwa mikono miwili ndiye anayelichukua, na huwezi kumnyima, na yeye lazima alitumie kulia chakula. Kila mwanafunzi alipanga mapema nani aje aombe. Mimi nilikuwa nimempelekea mama ujumbe aje Jumapili. Nilitaka ale humo kila siku ya maisha yake, awaonyeshe wale jirani.

Fundi hajaondoa mkono kwenye bakuli, Spesiyoza akatoka nyuma ya gurudumu, akapiga magoti, akanyoosha mikono miwili.

"Hiyo mbehe, naiomba."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mbehe ndiyo bakuli kwao. "Ya mama yangu hiyo," nikasema.

"Nestori anaanza uji. Naiomba, Eva."

"Imeombwa," akasema Fundi.

Nikampa. Mikono ilitoa, roho ilikataa. Nilifikiri maneno mabaya siku ile, kwamba unampa mtu gurudumu anataka na bakuli, kwamba hawa watu wamekula milima yetu na sasa wanakula hata zawadi ya mama yangu. Sikuyasema. Nayaandika leo ili mjue kuwa niliyafikiri.

Siku mbili zilizofuata Spesiyoza hakuja. Siku ya tatu alipita mama mmoja wa kambini akiomba maranda, nikamuuliza habari zake. Akasema mtoto anaumwa, anatapika, mwili moto, hajafungua macho tangu juzi. Nikasema poleni, nikaendelea kupiga msasa. Watoto wa kambini walikuwa wanaumwa kila siku.

Mchana ule ule Fundi alitaka kutengeneza nyundo ya mbao, akachukua kishina cha gogo langu kilichobaki. Nikamwona amekigeuza kwenye mwanga. Penye fundo, mahali ambapo kisu cha mwizi hakikufika, palikuwa na kipande cha ganda kama ukucha wa dole gumba. Akakibandua. Akakinusa. Akapiga chafya. Safari hii hapakuwa na lori barabarani.

"Evarista." Hakuwahi kuniita jina. "Ganda la mti huu lilikuwa na rangi gani kwa ndani?"

Nikapuliza vumbi la msasa.

"Ulilimenya mwenyewe. Kwa ndani lilikuwaje?"

"Sikulimenya, fundi. Lilikuja hivyo."

Nilisubiri anipige. Ningefurahi angenipiga. Akakaa kwenye benchi taratibu. "Huu ni mwavi," akasema.

Ninyi mwavi mnausikia kwenye hadithi. Zamani wazee waliwanywesha watu maji ya ganda lake ili kumpata mchawi. Asiye na hatia alitapika akapona, mwenye hatia alikufa, ndivyo walivyosema. Mimi naona lililoamua ni tumbo.

"Hakuna bakuli lingine lililotoka?"

"Sita yalipasuka. Ni lile moja tu." "Fundi, mtoto anatapika. Mtoto wa Spesiyoza anatapika tangu juzi."

"Ganda ndilo linaloua," akasema, nikaona anajisemesha mwenyewe. "Mbao yake sijui. Lakini uji wa moto, kila siku, ndani ya mwavi..." Akainuka. "Sitaki kulijua hilo kwa tumbo la mtoto wa mtu. Chukua baiskeli yangu. Nenda!"

Baiskeli yake ilikuwa ndefu kuliko mimi na haikuwa na breki. Kupanda vilima niliisukuma, kushuka niliachia na kumwita Bikira Maria. Malori yalinipita yakinifunika vumbi. Nilikuwa nafanya hesabu ya siku, bakuli lilitoka lini, uji mara ngapi kwa siku, na kila hesabu iliishia kwenye maneno yangu mawili, "Ndiyo, fundi." Karibu na kambi nikakutana na watu wanne wamebeba kitu kifupi kilichoviringishwa kwenye mkeka. Nikashuka. Nikamuuliza wa mwisho wao, "Samahani, baba. Mtoto wa nani?" Akataja jina. Halikuwa Nestori. Nikamshukuru Mungu, halafu nikaona aibu kwa kumshukuru, maana baba wa watu alikuwa bado amesimama mbele yangu.

Kambini mahema ya plastiki yalikuwa yamepangana mpaka macho yanachoka. Niliuliza yule anayezungusha gurudumu Nyakisasa, nikaelekezwa, nikapotea, nikaelekezwa tena. Nilimkuta amekaa mlangoni, mtoto mapajani, kikombe cha bati mkononi.

Sikumsalimia hata. "Bakuli liko wapi?"

"Eva? Kuna nini?"

"Mtoto amelitumia hilo bakuli? Niambie! Amekula humo?"

"Hajala humo. Ana malaria. Jana amepata dawa, leo asubuhi amenyonya." Akamgeuza nimwone. Nestori alifungua macho, akanitazama kwa hasira ya mtoto aliyeamshwa, akafumba.

"Na bakuli?"

"Nimelitupa chooni. Siku ile ile, kabla sijaingia ndani."

Nilianguka chini nikakaa. Furaha ilinijaa. Na pembeni ya furaha, Mungu anisamehe, kukawa na sauti ndogo inayosema, chooni? Bakuli langu? Binadamu tuna mambo.

Spesiyoza akavuta pumzi. "Ni mwavi ule," akasema kwa sauti ya chini.

"Ulijuaje?"

Alivuta kanga akamfunika mtoto vizuri, akajisogeza nyuma kidogo, kama mtu aliyeona mkono umeinuliwa.

"Umeona?" akasema. "Nimekuambia mwanangu mzima, na neno lako ndilo hilo."

Akaendelea kwa upole, kwa Kirundi chake, polepole nisipoteze neno. Baba yake alikuwa anachonga mizinga ya nyuki. Tangu mdogo alifundishwa kuujua mti ule kwa pua, kwa sababu mzinga wa mwavi hakuna nyuki anayekaa. Aliujua siku ya kwanza, pale aliponusa maranda. Lakini wiki chache kabla, pale pale kambini, mama mmoja alikuwa amewaonya watu kwamba maji ya kisima fulani yananuka. Mtoto wa jirani akaugua. Wakamwendea yule mama wakamuuliza, ulijuaje? Ulijuaje? Akalala porini siku tatu na wanawe.

"Mimi niko kwa watu, Eva. Nimwambie Fundi mbao yake ina sumu? Wangesema mkimbizi huyu anazijuaje sumu. Kila aliyeumwa tumbo Nyakisasa, wangesema ni mimi."

"Ukaona unyamaze."

"Sikunyamaza." Akaangalia mikono yake. "Yale sita unadhani nani aliyapasua?"

Nilimtazama bila kuelewa. Akanyoosha mkono hewani, akauzungusha kama anavyozungusha chuma cha gurudumu, sawa, sawa, sawa, halafu akaukata ghafla kwa nguvu. Nikaisikia "kwaa" kichwani mwangu. Alikuwa anasubiri patasi yangu ing'ate, kisha anavuta. Mara sita. Nami nimempa mgongo, na sheria ya karakana imemkinga asishukiwe na mtu.

"Na la saba?"

"Ulikuwa unalia. Ungerudishwa kwenu kwa ajili yangu." Akainua mabega. "Nikasema nikuachie ulimalize, uwe fundi. Halafu niliombe mimi, kabla mama yako hajafika."

Mama yangu. Angekula humo asubuhi na jioni, angelisifu, asingekubali mtu alioshe ila yeye.

Ningependa kuwaambia kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilikaa pale nikitazama vumbi la miguu yangu, nikijiuliza swali moja: angeniambia siku ya kwanza, mbele ya gogo langu na kiburi changu, ningefanya nini? Jibu nililijua. Ningepiga kelele mimi wa kwanza, na watu wangekuja.

Nilipoinuka alinishika mkono. "Usimwambie Fundi kwamba nilijua."

"Sitasema."

Fundi alikuwa amesimama barabarani ananisubiri, mtu ambaye hakuwahi kumsubiri yeyote akiwa amesimama.

"Mtoto?"

"Malaria, fundi. Anapona. Hakulitumia bakuli."

Akavua kofia, akajifuta uso. Kisha akauliza, "Kwa nini hakulitumia?"

Hapo nilijua ninachokwenda kulipa. "Lilipasuka, fundi. Lilipasuka siku ile ile, akalitupa. Nililikereza vibaya."

"Kwa hiyo gogo limeisha bila bakuli."

"Ndiyo, fundi."

"Naye aliujua mti?"

"Yule? Hajui miti, fundi. Yeye anazungusha tu."

Alinitazama mpaka nikataka kuchimba shimo niingie. Masikio ya yule mzee yalikuwa yamesikiliza gurudumu lile siku zote saba, na sidhani kama kuna alichokikosa. Akapokea baiskeli yake, akakagua tairi. "Kesho tafuta gogo lingine," akasema. "Ulimenye ganda mbele yangu. Na Spesiyoza akirudi, mtoto alale ndani, huko nje kuna baridi."

Hapo nikajua kwamba anajua, na kwamba hatataka kuambiwa.

Spesiyoza alirudi wiki iliyofuata, akazungusha gurudumu mpaka kambi ilipofungwa, akaondoka kwa malori pamoja na wenzake, Nestori akiwa mvulana wa kupanda lori mwenyewe. Hapa karakana ikabaki habari kwamba Evarista alipasua mabakuli saba kabla ya kupata moja. Mmeicheka miaka yote, hata kwenye hotuba ya tatu ilikuwamo. Mimi niliicheka pamoja nanyi.

Ule uongo wa ganda niliuungama kwa padri Jumamosi ile ile, akanipa rozari nzima. Huu wa pili, niliomwambia Fundi barabarani, sijauungama mpaka leo, wala sitauungama.